Dakika Tatu Baada ya Umeme Kurudi

Kompresa nyingi ninazozifungua kwenye friza za biashara hapa Unguja hazikufa umeme ulipokatika. Zilikufa uliporudi. Umeme ukikatika friza inanyamaza tu. Samaki wanakaa na baridi yao saa nyingi iwapo kifuniko hakifunguliwi ovyo, na hakuna waya unaoungua. Hatari inaanza pale watoto wa mtaani wanapopiga mayowe kwamba umerudi, na kila kilichoachwa kwenye plagi kinataka kuwaka kwa pamoja: mafriji, viyoyozi, pampu za maji, pasi iliyosahauliwa. Volti zinaporomoka, zinapanda, zinayumba, na pengine umeme unakatika tena kabla mtu hajamaliza kusema alhamdulillahi.

Friza iliyokuwa ikifanya kazi dakika moja nyuma ndiyo inayoumia zaidi. Kompresa huvuta gesi yenye presha ndogo kwa bomba moja na kuisukuma kwenye kondensa, yale mabomba ya kutolea joto nje, kwa presha kubwa kwa bomba jengine. Ikizimwa, presha za pande mbili huchukua kama dakika tatu hadi tano kusawazika kupitia ule mrija mwembamba wa kapilari. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota inalazimika kuanza huku presha ya upande mmoja inaikaba, sawa na mtu anayesukuma mlango ambao mwenzake ameuegemea kwa ndani. Haizunguki. Na mota isiyozunguka hula umeme mara tano au sita ya kawaida yake, na wote huo unageuka joto ndani ya koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani ya mota.

Sasa ongeza umeme mdogo. Vifaa vyetu vimeundwa kwa volti 230. Zikishuka hadi 180, mtu atasema zimepungua kidogo, kama asilimia 22. Lakini nguvu ya mota ya kujizungusha haishuki sambamba na volti, inashuka kwa mraba wake. Kwa volti 180 kompresa imebakiwa na kama asilimia 61 ya nguvu yake ya kuanzia, na mzigo ni ule ule. Ndiyo maana utaisikia inaguna, inatulia, inaguna tena. Anayeuza maji baridi dukani anaona friza inajaribu. Mimi nasikia koili inapikwa.

Kiwanda hakikuiacha kompresa mtupu. Ubavuni mwake kuna ovalodi, kile kidude cheusi chenye kisahani cha bimetali ndani. Kikipata joto au umeme mwingi kinajipindua kwa mlio mdogo, tik, na kukata njia. Kikipoa kinarudi, tik nyengine, na mota inajaribu upya. Ovalodi ni kitu kizuri na imeokoa nyumba nyingi zisiungue. Ila inakuja mwishoni kabisa, joto likishaingia. Haijui volti ni ngapi, haijui presha imesawazika au la, inajua kwamba kumechemka. Friza inayofanya tik usiku kucha asubuhi inaweza kuwa bado hai, lakini varnishi ya waya wake imekongoroka miaka. Wahandisi wa mota wana kanuni ya tangu zamani: kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango ambacho koili imeundiwa, umri wa insulesheni yake, yaani ile varnishi inayotenga waya na waya, unapungua kwa nusu.

Kwa hiyo ninachokitetea hapa ni kifaa kinachokataa kuwasha. Kazi ya elektroniki ya kulinda friji, kwa sehemu kubwa, ni kusema "bado". Na kwa miaka yote ya kazi hii nimeona watu wakikilipia kifaa hicho, kisha wakimlipa mtu mwengine akiondoe kwa sababu kimesema "bado".

Sisi wa visiwani tuna sababu za kulielewa jambo hili. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Ule wa kwanza ulilazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kilomoni hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Mei 2008 umeme huo ulikatika, tukakaa karibu mwezi mzima gizani. Desemba 2009 tukaingia gizani tena, na hatukutoka mpaka Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013 kwa fedha za Marekani. Wapemba wao walikuwa wakitegemea majenereta ya Wesha mpaka mwaka 2010, walipounganishwa na Tanga kwa msaada wa Norway. Hali ya leo si ya siku zile, namshukuru Mungu. Lakini kijenereta kimebaki nyuma ya kila duka lenye friza, na kimebaki na desturi zake.

Desturi moja inaniudhi khasa. Mtu anawasha kijenereta cha petroli, anachomeka friza, kisha anakiacha kiishe mafuta chenyewe. Mafuta yanapokaribia kwisha injini haizimi mara moja. Inakohoa, inapunguza mwendo, inashika tena kidogo, na volti zinafuata vivyo hivyo, zinashuka na kupanda, huku friza ipo kwenye plagi. Kompresa inaburutwa mpaka pumzi ya mwisho. Chomoa friza kwanza, ndipo uzime jenereta. Na unapowasha, iache injini itulie ndipo uchomeke. Halina gharama hilo, na halihitaji fundi.

Kwa wanaotaka kifaa kiwafanyie kazi hiyo, ipo friji gadi. Ni boksi dogo linalokaa baina ya plagi na friza. Ndani yake mna saketi inayopima volti na relei inayofungua na kufunga njia. Zinazouzwa huku nyingi zinakata volti zikishuka chini ya 185 hivi, na zinakata pia zikipanda juu ya 260 hivi. Zikirudi kwenye kiwango, haiwashi papo hapo. Inahesabu, na katika muda ule wa kuhesabu taa ya njano inawaka. Umeme ukiyumba tena katikati ya hesabu, inaanza upya. Hapo ndipo inapoijibu ile hatari ya mwanzo: inahakikisha umeme umetulia, na inazipa presha muda wa kusawazika.

Mama mmoja anayeuza vipande vya jodari na nguru karibu na Malindi alinipigia simu jioni moja, umeme umerudi punde.

"Mwanangu, hichi kidude ulichonitilia kinanizuilia umeme. Friza ya jirani inanguruma, yangu imenyamaza kimya."

"Mama, taa gani inawaka?"

"Ya njano."

"Basi kinahesabu. Kistahamilie, itaingia ya kijani yenyewe."

"Na samaki wangu?"

"Samaki hawaharibiki kwa dakika nne, Mama. Kompresa inaharibika."

Hakuikata simu. Nikasikia watu wanapita, mtu anauliza bei ya nguru, kisha relei ikalia na kompresa ikaingia kwa mkoromo mmoja, bila kuguna. "Haya, limeingia," akasema, akaniaga. Tangu siku hiyo nikimfungia mtu friji gadi simuondokei kabla sijalichomoa na kulichomeka mbele yake, akakaa akaiona taa ya njano kwa macho yake mpaka igeuke. Mtu aliyekwishaiona hawezi kudanganywa kwamba ni ubovu.

Ukienda kununua, usitazame boksi tu, tazama ampia zake. Friza inayokula ampia moja na nusu ikishatulia inaweza kudai nane au tisa kwa ule mshindo wa kuanza. Gadi ndogo iliyotengenezwa kwa friji la nyumbani, ukiifungia friza ya chuma ya futi sita iliyojaa barafu za kuuza, itaunguza midomo ya relei yake. Na usinunue stabilaiza ukidhani umenunua gadi. Stabilaiza ina transfoma inayopandisha volti zilizopungua, na kwa nyumba zilizo mwisho wa laini huko shamba, ambako jioni taa zinafifia kila mtu akiwasha, inasaidia sana. Lakini kama haina muda wa kusubiri ndani yake, umeme ukirudi itaipa friza volti 230 safi kabisa katika sekunde ile ile ambayo presha haijasawazika. Kompresa itakufa kwa umeme mzuri.

Ndani ya friza yenyewe kuna kazi nyengine, ya kujua baridi iko wapi. Thamostati za zamani za kuzungusha kwa mkono zilikuwa na mrija wenye gesi na swichi ya springi. Zinadumu, lakini hewa yetu ya chumvi inazila, na hazina muda wa kusubiri. Siku hizi mafundi wengi tunaziondoa na kuweka kontrola ya digitali, na iliyoenea kuliko zote ni STC-1000, kile kiboksi cheusi chenye namba nyekundu. Ni rahisi, inapatikana, na ikiwekwa sawa inafanya kazi ya maana. Tatizo ni kwamba wengi wanaifunga na kuiwasha kama ilivyotoka kiwandani.

Ina mipangilio minne. F1 ni baridi unayoitaka. F2 ni tofauti, yaani joto lipande kiasi gani juu ya F1 ndipo kompresa iwashwe tena. F3 ni dakika za kusubiri kabla ya kuiwasha kompresa, kuanzia moja hadi kumi. F4 ni kusahihisha sensa, kile kichwa kinachopima joto ndani ya friza. Kiwandani F2 inawekwa 0.5. Nusu ya nyuzi! Hiyo inaweza kumfaa mtu mwenye tangi la maji lisilobadilika haraka, ila kwa friza ya dukani ambayo kifuniko kinafunguliwa kila mtoto anapokuja kununua malai, nusu nyuzi inapotea kwa pumzi moja. Kompresa itaambiwa washa, zima, washa, zima mchana kutwa. Mimi kwa friza naweka 3 au 4, kwa friji la soda na maji 2 au 3. F3 inakuja ikiwa 3. Naipandisha hadi 5, na siishushi kwa mtu yeyote anayeniambia ana haraka. Kusubiri huko kunafanyika pia umeme unaporudi: taa ya kupoza inapepesa wakati kontrola inahesabu, kisha inatulia na kompresa inaingia.

Lakini kontrola hii haijui volti. Inaweza kusubiri dakika tano kwa adabu zote, halafu ikaiwasha kompresa kwenye volti 170. Kwa hiyo haichukui nafasi ya gadi, wala gadi haichukui nafasi yake. Na relei yake ni ya ampia 10 tu. Kompresa kubwa ikiwashwa moja kwa moja kupitia hapo, ipo siku midomo ya relei itayeyuka na kushikana. Namba zitaonesha kwamba imezima, ila kompresa inaendelea mpaka friza igande kuta. Kwa mashine kubwa kidogo weka kontakta, yaani relei kubwa ya kubeba umeme mwingi, kontrola iamrishe kontakta, kontakta ibebe mzigo.

Sensa ndiyo inayonipa kazi nyingi zaidi katika visiwa hivi, na sababu yake ni unyevu na chumvi. Ni punje ndogo ndani ya kichwa cha plastiki au chuma, na ukinzani wake, yaani kiasi inachouzuia umeme kupita, unapanda kadiri kunavyokuwa baridi. Nyingi zina kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, na kwenye nyuzi sifuri zinafika baina ya 27 na 33 kwa kutegemea aina. Kontrola haioni baridi, inaona ukinzani tu, na inauamini. Sasa fundi amerefusha waya wa sensa, akausokota na kuufunga tepu, akauacha kwenye unyevu wa friza ya samaki. Maji ya chumvi yakiingia kwenye kiungo na kupitisha umeme baina ya nyaya mbili, ukinzani unashuka, na kontrola inadhani kuna joto. Kompresa haizimi tena. Kiungo kile kile kikiota kutu na kushika vibaya, ukinzani unapanda, na kontrola inadhani kuna baridi ya kutosha. Kompresa inazimwa mapema, kioo kinaonesha -18, na ndani samaki wamelegea. Mwenye duka anaangalia namba, anaridhika.

Njia ya kuthibitisha sensa ni ya kila mtu. Jaza gilasi barafu iliyopondwa, tia maji kidogo mpaka yafike juu ya barafu, koroga, tumbukiza kichwa cha sensa katikati bila kugusa ubavu, ungoje namba zitulie. Lazima isome sifuri au karibu yake. Ikisoma 1.2, sahihisha kwa F4. Ikisoma 6, usisahihishe, kata kiungo, tia solda, kifunike kwa mrija unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, upime tena. Barafu haikosi mahali panapouzwa samaki, kwa hiyo hakuna udhuru.

Kontrola za bei kubwa kidogo, kama Dixell au Carel ambazo utazikuta kwenye mahoteli na vyumba vya baridi, zina njia ya kuokoa mali sensa ikikatika. Zinapiga alamu na kuiendesha kompresa kwa kuhesabu muda tu, kwa mfano dakika 15 imewaka na 30 imezima, mpaka fundi afike. Baridi haiwi kamili lakini mali haipotei. Nyengine zinapokea sensa ya pili inayofungwa kwenye kondensa, na joto la pale likipita kiwango zinatoa onyo au kuzima. Sensa hiyo ya pili ningeipenda iwe kwenye kila friza ya duka lenye vumbi, kwa sababu kondensa iliyozibwa inaua polepole bila kelele. Gesi ya R134a ikilazimika kupoa kwenye nyuzi 55 badala ya 40, presha yake inafika karibu ba 14, na kompresa inafanya kazi hiyo ngumu mchana kutwa. Friza imesukumwa mpaka ukutani, juu yake kumepangwa maboksi ya biskuti, ubavuni kumening'inizwa kanga. Halafu inasemwa gesi imepungua. Ivute mbele, pasafishwe kwa brashi laini na maji baridi ya mfereji. Maji ya pwani usiyatie, wala dawa kali za kusafishia, mapezi ya aluminiamu hayazihimili.

Nimetaja samaki mara nyingi kwa sababu hapa friza haimlindi mwenye duka peke yake. Jodari, nguru na vibua wana jambo lao. Wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, na histamini ikishaingia haitoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kutiwa nazi. Mlaji anashikwa na mwasho, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, na wenziwe wanasema ana aleji ya samaki. Dawa yake ni baridi ya karibu na sifuri tangu chomboni, na -18 kwa wanaogandishwa. Kontrola inayosema uongo kuhusu -18 ni jambo la afya ya watu, na mimi nalichukulia hivyo.

Mijusi nayo niitaje. Mjusi kafiri anapenda boksi la saketi kwa sababu kuna joto, anapita baina ya njia mbili za umeme, anakufa yeye na saketi pamoja. Sisimizi wanaingia kwenye midomo ya relei. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni, na ikiwezekana ipakwe saketi varnishi ya kuzuia unyevu. Kwa pwani zetu nafanya hivyo hata kwa kontrola mpya.

Nirudi kwenye kile kilichonifanya nikaandika. Friza ikikataa kuwaka, mwenye mali anataka iwake leo, na fundi anataka kuonekana anajua. Njia ya mkato ni kuiruka kinga: gadi inaondolewa, ovalodi inaunganishwa waya kwa waya, friza inawaka, pesa inalipwa, watu wanashukuru. Nimekata makompresa yaliyokufa hivyo. Unalikata gamba kwa grainda, unalifungua, na kwanza inakuja harufu, kali, ya kukera koo, kwa sababu mafuta yaliyoungua yamefanya asidi. Mafuta yenyewe yamekuwa meusi kama wino. Koili ya kuanzia, ambayo ina waya mwembamba, imeungua upande mmoja mpaka shaba inaonekana, na karatasi za kutenga zimekuwa majivu yanayobomoka ukizigusa. Koili ya kuendeshea jirani yake mara nyingi bado ina rangi ya asali. Hiyo maana yake mota haikuchoka kwa kazi. Iliungulia mlangoni, ikijaribu kuanza, na hakukuwa na kitu cha kuizuia.

Na hasara haiishii kwenye kompresa. Asidi ile imeshazunguka kwenye mabomba. Ukifunga kompresa mpya bila kusafisha mfumo kwa naitrojeni, kubadilisha draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, na kuvuta vakumu ya kutosha, mpya nayo itafuata. Mfanyabiashara analipa kompresa, gesi, draya, kazi, na samaki waliooza. Bei ya friji gadi ukiiweka kando ya hesabu hiyo huioni.

Kwenye friza mpya zenye gesi ya R600a au R290 kuiruka kinga kuna ubaya zaidi, kwa sababu gesi hizo zinawaka moto. Relei na ovalodi zake zimetengenezwa zisitoe cheche nje. Fundi akiweka relei yoyote aliyoikuta kwenye droo, ameweka cheche karibu na mahali gesi inapoweza kuvuja. Soma kibati cha nyuma kabla ya kushika bisibisi. Ukiona alama ya moto, tafuta kipuri cha aina ile ile au usiifunge.

Friza za inveta, ambazo mwendo wa kompresa unaongozwa na saketi, zinakuja kwa kasi, na nazipenda. Kompresa yake inaanza taratibu bila ule mshindo, na nyingi zinavumilia volti zinazoshuka ambazo zingeiua kompresa ya kawaida. Lakini kilichokuwa udhaifu wa kompresa kimehamia kwenye saketi. Mpigo mmoja wa volti kubwa wakati wa radi za masika unaweza kuitoboa. Ndani mara nyingi mna varista, kile kidonge cha mviringo kinachojitoa mhanga kwa kumeza mpigo, na kikishapasuka lazima kibadilishwe kabla ya kuwasha tena. Ukinunua inveta, uliza kwanza saketi yake inapatikana wapi. Ukijibiwa Dar, sawa. Ukijibiwa "itaagizwa", hesabu miezi.

Kwa wenye vyumba vya baridi na mashine za barafu za fezi tatu, neno moja tu: relei ya fezi. Fezi moja ikipotea, mota inaendelea kwa mbili zilizobaki na kuungua, na fezi zikibadilishwa mpangilio baada ya matengenezo, kompresa ya skroli inazunguka kinyumenyume kwa kelele ya kutisha na haipozi kitu. Relei hiyo inayaona yote mawili kabla ya kontakta kufunga.

Kwa mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba nina ombi. Ukimaliza kufunga kontrola, andika namba ulizoziweka, F1 mpaka F4, na volti ulizozikuta kwenye plagi siku hiyo, pamoja na tarehe na aina ya gesi. Ibandike karatasi ndani ya kifuniko cha boksi, uifunike kwa selotepu ili unyevu usiifute wino. Nikifika baada yako nikakuta F2 ni 4, nitajua uliiweka kwa makusudi na sitaigusa. Nikikuta volti ziliandikwa 228 na leo ni 190, nitaanzia kwenye plagi, sio kwenye gesi.